Nilichotia Sahihi

Dada mpendwa,

Mzigo wako umefika, na sweta imemkaa mtoto vizuri ila mikono ni mirefu kidogo. Mimi bado nashona kola za mashati kiwandani.

Kuna jambo linaninyima raha. Mwenzangu wa cherehani ya jirani, yule mjamzito niliyekwambia, Jumatatu aliomba ruhusa mara tatu akapumzike. Msimamizi akamjibu, "Maliza kazi kwanza." Saa nane mchana akaanguka palepale. Mimba imetoka.

Kesho yake meneja akatuita ofisini mmoja mmoja. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa kwamba hakuomba ruhusa yoyote. Nikasema, "Bosi, mimi nilimsikia akiomba."

Akaniuliza kwa upole, "Una watoto wangapi, mama?"

Nikatia sahihi, dada.

Jana nilikwenda kumwona hospitali. Alinishika mkono akasema, "Afadhali wewe ulikuwepo. Utanisemea." Nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea kummenyea chungwa.

Tafadhali usimwambie mama. Ila wewe niandikie upesi, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako