Meno ya Mama Yangu mu Kinywa ya Bwana Yangu

Mama Émerance wetu wa redio,

Pokea salamu yangu na heshima yote, na unisamehe juu hii barua nitaiandika bila kupumua, nikipumua nitaogopa kuimaliza. Mi ni mama wa batoto, naishi Katuba, bwana yangu anaitwa Constantin, ni déclarant ku Kasumbalesa, anapitishaka bakamyo, yale malori, mu douane ya mupaka. Mwaka jana moto, ile pikipiki, ilimuangusha, meno ya mbele ikavunjika, akakataa kuenda ku dentisti, akaenda ku fundi moja wa soko anatengenezaka meno na saa za mukono, yule fundi akamung'oa meno yote ya juu, mubovu na muzima, akamupatia dentier, ile meno ya kuvaa. Tangu siku ile bwana yangu hakutafuna tena. Akisema « samedi », firimbi inatoka. Nyama anaiangalia tu.

Mama yangu, Mama Kalaba, ni mujane, anaishi Kipushi, naye anavaaka dentier ya juu, lakini yake ilitengenezwa na dentisti wa kweli, alimupima kinywa muzuri-muzuri, mama akamuomba amuachie na mwanya yake katikati ya meno ya mbele, ile Mungu alimupatia mu busichana.

Sasa sikia. Mama alikuya kwetu juu ya batisimu ya mutoto. Unajua bukwe kwetu vile iko: bwana yangu na mama habakulake pamoja, habashikane mukono, wakikutana mu couloir Constantin anarudia nyuma paka mu chumba. Lakini ku lavabo ya kunawia, vikombe vyao vya kutia meno vilikuwa pamoja, na mi njo niliviweka, sikuwaza. Asubuhi courant ya umeme ilikatika, kila mumoja alikuwa na haraka, mama ya bisi ya Kipushi, bwana yangu ya Kasumbalesa, kila mumoja akapapasa mu giza, akavaa, akaenda.

Mangaribi Constantin alirudia na muhindi wa kuchoma mu mukono, anautafuna barabarani kama kijana, akaniambia: « Bibi, meno ishanizoea! » Akacheka. Mama Émerance, nilimuona mama yangu. Mwanya ile, pale katikati, mu kinywa ya bwana yangu.

Sikusema kitu. Kesho yake pia sikusema. Sasa kila muntu mu avenue anamuambia « Papa, umekuwa muzuri! », naye anacheka zaidi, bibi za bantu banamuangalia. Akitaka kunibusu nafunga macho, na nikifunga macho nasikia sauti ya mama inaniuliza kama nilishazima mbabula ya makala.

Na mama huko Kipushi anateseka. Anasema meno yake ilikomaa, imekuwa mizito, ilimutoboa vidonda, anakunywa bouillie tu, ule uji, anakonda. Kikundi yake ya maombi ilimuambia kuko muntu alibadilisha meno yake mu kiroho. Banafunga juu ya kumutafuta mulozi, na sasa macho yote iko ku jirani wake, Mama Mukuka, mwanamuke hajue hata dentier ni nini.

Siku ya posho, ni kusema samedi, kutakuwa dot, mahari ya mudogo wangu Lydie, kule Kipushi. Constantin njo mukwe mukubwa, batamukalisha mbele, akifungula kinywa famiye yote itaona. Nikisema, mama atakufa na haya. Nikinyamaza, batamufukuza Mama Mukuka. Naomba shauri. Kama unaona Tantine Mwape, mudogo ya mama, anaweza kusaidia, numero yake njo hii chini, nakupa ruhusa.

D., wa Katuba

*

Mwanangu D.,

Barua yako niliisoma nikicheka, nilipofika ku Mama Mukuka nikaacha kucheka. Muntu anapoteza jirani na jina juu wewe unaona haya! Kwa hiyo sikungojea siku ya émission yetu ya redio. Nilimuita Tantine Mwape, akapanda bisi, akaenda Kipushi, akamukuta mama yako na sahani ya bouillie. Akamuambia yote, pole-pole, vile dada anaambiaka dada.

Mama yako akajibu nini? « Mwape, nilijua. Nilijua mbele bisi ifike. Meno yangu naijua kama batoto yangu. »

« Sasa juu ya nini ulinyamaza? »

« Nimuambie nini mukwe wangu? Afungule kinywa? »

Tantine akamuita Constantin ku telefone, akamukuta mu foleni ya bakamyo. Akasema: « Tantine, mi pia nilijua. Ile muhindi, nilikuwa namalizia, ulimi ikapita mu mwanya. Lakini ningeirudisha namna gani? Nimuambie mama mukwe, chukua, ilikuwa mu kinywa yangu? »

Njo vile. Bote batatu mulijua, bote batatu mulinyamaza, na hiyo munaita heshima. Heshima gani inamunywesha mama bouillie? Tantine alishaenda na mama yako mbele ya kikundi ya maombi. Mama mwenyewe alisema mulozi hakuna, ni vikombe viwili na courant. Bakaenda kumuomba Mama Mukuka samahani, yeye akauliza samahani ya nini, juu hakuna hata mumoja alikuwa amemuambia kama ni mulozi.

Sasa nisikie. Mama yako alisema mukwe abakie na ile meno, bukwe haimuruhusu yeye kuirudisha mu kinywa yake. Bwana yako alikubali mbio sana. Hapana! Dentier ni ya kinywa moja. Constantin anaisikia muzuri juu ile ya fundi wa soko ilikuwa mubaya kupita, lakini polepole itamuharibu fizi na mataya. Kuanzia leo aitoe. Mama naye asivae kitu paka vidonda vipone. Kila mumoja aende ku dentisti wa kweli, siku yake, munganga aangalie fizi na meno ya chini yenye ilibakia, apime, atengeneze mupya. Itakamata muda, mungojee. Meno mupya isuguliwe kila siku na mswaki na sabuni, mangaribi ilale mu maji safi, kila mumoja na chumba yake. Na wewe, mwanangu, njo utampeleka Constantin, juu peke yake atapitia ku soko.

Siku ya posho? Mutaenda. Nilimuuliza dentisti, meno mupya haitakuwa tayari. Basi mama mukwe atakaa upande wake bila meno ya juu, mukwe atakaa upande wake bila meno ya juu, na kila mumoja atafunga kinywa. Bakubwa ya famiye batasema: angalia bukwe yenye kuheshimiana. Wewe upike sombe, yale majani ya muhogo, uiponde sana, na upeleke sahani ya kwanza kwa Mama Mukuka.