Kadi ya Picha ya Kaka Salumu

Jumatano, 17 Oktoba 2007

Kaka Salumu amerudi kutoka hospitali na karatasi. Presha ya macho. Yote mawili! Daktari kamwambia kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Rufaa ya Dar ni Januari. Januari!

Mama alikuwa anamenya muhogo. Akaendelea tu kumenya, ganda likaisha, akawa anamenya muhogo wenyewe.

Salumu ana miaka thelathini na miwili. Anafundisha darasa la nne. Shuleni hajawaambia.

Baada ya magharibi tukawasha kompyuta kama kawaida yetu, tucheze mpira. Aliinunua alipoanza kazi, kwenye ofisi ya wafadhili iliyokuwa inafungwa — Pentium Three, kizee, inanguruma kama mashine ya kusaga. Wachezaji wake wadogo kama punje za mtama. Nikamwona anainama, pua karibu iguse kioo. Nikamwachia goli. Akaacha kibodi.

"Usinihurumie, Mwaju. Tukicheza, cheza."

Ijumaa, 19 Oktoba 2007

Nimepita kwa Emmanueli, fundi kompyuta. Kibanda chake kiko jirani na ofisi ninayochapa barua. Anasema mchezo wa toleo jipya unavuta kamera karibu, mchezaji mmoja anajaa nusu ya skrini. Ila kwa mashine yetu — itaganda palepale. Inataka kumbukumbu zaidi, yaani RAM, na kadi ya picha.

Kompyuta nyingine siwezi. Hii tutaiongezea viungo tu. RAM kachomoa kwenye mashine mbovu, kanipa bure. Kadi atamwagiza mtu wa Dar, itakuja na basi. Nimeuza simu yangu. Salumu nimemwambia imeibwa. Angejua angenikatalia.

Jumamosi, 27 Oktoba 2007

Kadi imefika — haiingii! Tundu la mashine yetu ni la zamani, meno ya kadi ni ya kisasa. Emmanueli kaigeuza, kaigeuza, kaiweka mezani. "Dada Mwajuma, nilimwandikia vizuri kabisa. Kaleta siyo." Lazima irudi Dar. Wiki mbili, pengine tatu. Nikalia palepale kibandani, watu wananitazama.

Nyumbani Salumu anajimiminia chai. Ikaenda mezani, kando ya kikombe, naye bado anamimina. Mama akakisogeza kikombe taratibu mpaka chini ya birika.

Jumatatu, 5 Novemba 2007

Shuleni wamejua. Kasahihisha daftari la mwanafunzi, alama zote za vema zikaangukia ukurasa mtupu. Watoto wamecheka. Mwalimu mkuu kamwambia apumzike nyumbani mpaka atoke Dar.

"Kaniambia kwa upole," Salumu anasema. "Afadhali angenifokea."

Jumanne, 6 Novemba 2007

Hakutoka chumbani. Wali wa mchana umelala.

Jumatano, 14 Novemba 2007

Siku nane sasa anashinda kitandani, redio kifuani. Leo nimemwambia ukweli wote — simu, kadi, Emmanueli. Nilidhani atagomba. Kapunguza sauti ya redio. Kisha:

"Nitawaona?"

"Utawaona. Wakubwa kama watu."

Kwa nini nimeahidi? Mimi nani niahidi?

Jumapili, 18 Novemba 2007

Kadi sahihi! Emmanueli kaja nayo baada ya ibada, bado kavaa shati la kanisani. Imeingia — tak! Tukawasha. Picha ikaja, nikapiga kelele. Dakika kumi tu. Pafu! Moshi mweusi nyuma ya mashine. Pawa sapulai ya zamani, kile kisanduku cha kugawa umeme, imezidiwa mzigo, imeungua.

Salumu alikuwa kwenye kiti, hatua mbili tu kutoka kwenye ule moshi. Kauliza kama Mama anachoma samaki.

Emmanueli akanitazama. Nikatazama sakafu.

Alhamisi, 22 Novemba 2007

Stoo ya ofisini kuna kompyuta iliyokufa tangu mwaka juzi. Nimemwomba bosi pawa sapulai yake. "Chukua, inanijazia nafasi tu." Emmanueli kaifunga, feni kaishikiza kwa waya, mchezo mpya kauweka. Kadi nzima, haikuungua — alhamdulillahi.

Imewaka. Saa nzima haijazima! Salumu yuko Mikindani kwa shangazi tangu jana, nikacheza peke yangu. Nyasi zina vivuli. Jezi zina mikunjo. Mchezaji akikosa goli unaona anavyoshika kichwa. Nimefurahi, halafu nikaona aibu kufurahi.

Jumamosi, 24 Novemba 2007

Naandika nimekaa ukumbini, mlango wa sebuleni uko wazi.

Shangazi kamrudisha saa nne asubuhi. Wakashuka kwenye pikipiki, Shangazi kamshika bega mpaka mlangoni. Zamani Salumu angeona aibu kushikwa hivyo. Hata soda hakugusa. "Iko wapi?"

Nikamkalisha. Nikavuta kamera karibu kabisa. Yeye jezi nyekundu, kompyuta nyeupe. Mechi ikaanza. Akaegemeza kichwa upande, kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani. Nikauliza, "Kaka, unaonaje?"

"Mashallah! Wakubwa kweli. Namba kumi huyu namwona mpaka viatu."

Nikasema moyoni basi, Mungu mkubwa. Mama mlangoni anajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Akataka meza isogee karibu. Akaivuta mwenyewe, kwa nguvu. Waya wa skrini ukachomoka nyuma. Picha ikapotea — kioo cheusi, hata taa yake ya kijani ikageuka ya njano. Sauti haikukatika. Mashabiki wanapiga kelele vilevile.

Nikangoja aseme.

Kaendelea kubonyeza. Vidole vinakimbia. "Toa pasi! Toa! Umeona chenga ile, Mwaju? Umeiona?"

Nikasema nimeiona.

Mama akanyanyua mkono kuonyesha kioo, akafungua mdomo. Nikamshika mkono. Akanitazama, akaelewa, akarudi jikoni. Tangu hapo simsikii, hata sufuria.

Nikamwambia Salumu naenda kutazama chai. Sijaenda. Waya unaning'inia kule nyuma, kuurudisha ni kazi ya dakika moja. Nikiurudisha atajua ulikuwa umetoka. Nisipourudisha —

Mashabiki wamelipuka. Goli. Sijui la nani. Yeye anacheka, anapiga meza, ananiita.

"Mwaju! Wewe! Njoo uone!"