Mikono Kwenye Kona ya Kioo

3 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua mgongo bado unakusumbua na bado unamwambia Shangazi kwamba umepona. Mimi ni mzima, nakula vizuri, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake haienei kwenye meseji.

Kituo chetu kinahama. Si jengo, Baba, ni matangazo. Mwisho wa mwezi mtambo wa zamani wa analojia unazimwa na tunaingia dijitali. Mafundi wanavuta nyaya kila mahali, chumba cha maombi kimejaa makasha, na kwaya inafanyia mazoezi koridoni. Jana walinisimamisha mbele ya kamera mpya kujaribu picha, kisha fundi mitambo akaniita nijione. Baba, hata kucha zilionekana. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio.

Umekuwa ukiniambia ukweli bila kupepesa macho: kwamba ukinitazama kwenye ile kona ya kioo, kwa zile chenga, huoni mkalimani wa lugha ya alama, unaona mtu anayefukuza nyuki. Basi nyuki wamekwisha. Ninachotaka sasa ni kimoja tu: ukae kwenye kiti chako, mhubiri azungumze, na wewe ambaye hata radi haikuamshi uelewe palepale, mwenyewe, bila kungoja Shangazi akusimulie. Kazi hii niliisomea kwa ajili hiyo. Tafadhali nunueni king'amuzi mapema.

Mwanao

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo umepona, ukimuuliza shangazi yako atakana. Yeye naye hajambo, na mdomo wake haujambo zaidi.

King'amuzi chako kimezua kesi humu ndani. Shangazi yako alisikia ikitangazwa ibadani kwamba kila nyumba itafute king'amuzi, akaelewa ni karama ya rohoni, akashinda amefunga akiomba ajaliwe. Nikamwambia kwa mikono kwamba karama hiyo ina waya na rimoti. Akaninunia. Unajua anavyoninunia: anageuza uso ukutani ili asiione mikono yangu, na hapo nimekwisha, sina pa kujitetea.

Lakini tumekinunua. Kimekaa chini ya televisheni, kimefunikwa kitambaa, kinangoja siku yake. Nimesogeza kiti mpaka magoti yanagusa meza. Wenye viatu nimewaambia siku hiyo fundi hayupo, soli zitasubiri.

Nafurahi, mwanangu, mpaka chakula hakipiti. Ila nina hofu moja, bora niiseme. Je, nikiona vizuri halafu nisielewe? Miaka yote nimezilaumu chenga. Chenga zikiondoka nitamlaumu nani?

Baba yako

1 Juni

Baba,

Shikamoo, na shikamoo ya Shangazi. Tumevuka.

Tulishikana mikono wote, mafundi na wanakwaya, tukaomba. Mtambo wa zamani ukazimwa. Tumezoea mvumo wake ukutani kiasi kwamba uliponyamaza kila mtu aliinua kichwa. Kisha picha mpya ikatokea, safi, na mhasibu wetu, mtu ambaye hajawahi kutabasamu, akaruka akamkumbatia mpishi. Mhubiri akapanda jukwaani, taa zikaniwakia, nikajua kwamba upo.

Sasa sikia nilichofanya. Unajua kile kisa chake cha mwizi wa kuku? Hujui, umekosa bahati. Anakisimulia kila anakokwenda. Mwizi anafukuzwa, anakimbilia ibadani, kuku yuko ndani ya koti. Mhubiri anasema inueni mkono, mwizi anainua mmoja. Anasema yote miwili. Hapo mhubiri wetu hunyamaza, hunywa maji, hujifuta jasho, watu wakae roho juu, ndipo amalize kwamba mwizi akainua yote miwili, na kuku akatangulia madhabahuni kuokoka.

Mimi kwa furaha nilijisahau. Yeye ndio kwanza kashika glasi, kuku wangu ameshafika madhabahuni. Tulikuwa hewani moja kwa moja, hakuna kurudisha. Mwongozaji alinikamata mlangoni akaniuliza, "Wewe ni mkalimani au nabii?" Nimeambiwa nijirekebishe, na ni haki yao.

Hayo yatapita. Niambie wewe. Ulielewa?

Mwanao

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijapata barua, na simu ya Shangazi haipatikani. Kama picha haikutoka, sema, nitakuja niitengeneze. Kama ilitoka na hukuelewa, sema pia. Nitaumia, sitakuficha, lakini tutajifunza upya, mimi na wewe, hata kama ni kuanzia alama ya maji na alama ya moto. Usininyamazie tu.

Mwanao

27 Juni

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, na unisamehe. Simu ya shangazi yako ilitumbukia kwenye ndoo. Mimi nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu nacheka, nikicheka naiweka chini.

Picha ilitoka. Nilielewa. Si yote: kwenye somo la pili ulinipoteza njiani, na alama ya neema unaiweka chini mno, ipandishe. Lakini yule mwizi nilimwona akiingia. Nililiona koti likimchezacheza. Na kuku alipochomoka nilicheka mpaka nikaishika meza isianguke.

Shangazi yako hakuwa amecheka. Alikuwa anamtazama mhubiri akinywa maji. Akanigeukia, akaniangalia sana, kisha akaniuliza kwa mikono, "Unacheka nini?"

Mwanangu, hilo ni swali langu. Harusini, barazani, dukani, watu wakiangua kicheko mimi ndiye huuliza, na wao hunijibu nitakwambia baadaye. Wengi hawaniambii. Nimezeeka nikiuliza, na sijawahi hata mara moja kuulizwa mimi.

Nikamtazama dada yangu. Nikamwambia, "Ngoja, nitakwambia baadaye."

Baba yako