Jino la Mzee Wafula

Kaka yangu Eliasi uliye Bombay,

Kwanza niungame. Mwaka mzima nimemsomea Mama barua zako kwa uongo. Ukiandika, "Silali, mikono inatetemeka nikishika koleo la meno," mimi husoma, "Nalala vizuri, nimenenepa." Hii ya juzi, uliyosema umejifungia chumbani siku nne bila kwenda darasani, na kwamba ni heri usirudi kamwe kuliko kurudi umeshindwa, niliigeuza kuwa habari za maembe na sherehe za wanafunzi. Nilipomaliza, Mama alifunika sufuria.

"Rispa, karatasi ni moja, nawe umesoma mpaka maharagwe yameiva. Sasa nisomee ya Eliasi."

Nikasoma. Hakulia. Aliuliza tu, "Anamkumbuka yule mbuzi?"

Unamkumbuka, Kaka? Ulipokubaliwa chuo cha udaktari wa meno ulinunua kichwa cha mbuzi ili uanze kujifunza kabla ya wenzako. Ulikichemsha, ukanipa daftari niandike hesabu ya meno, na tazama, meno ya mbele ya juu hayakuwepo. Ulikitia kichwa kikapuni, ukavuka Nakuru nzima mpaka kwa muuza nyama, nami nyuma yako nikitamani ardhi inimeze.

"Umeniuzia mbuzi mgonjwa," ulimwambia.

Akakutazama kwa huruma. "Daktari, hayo meno mbuzi hajapata kuwa nayo. Na anakula kukushinda."

Watu wa landhi, nyumba zote hizi za wafanyakazi wa reli, walicheka wiki mbili, na wewe ndiye uliyecheka kupita wote. Kicheko hicho nimekitafuta katika barua zako, sijakiona.

Mama amesema nikuandikie hivi, bila kuongeza langu: mbuzi anakosa meno na bado ni mbuzi. Ukimaliza masomo, rudi. Usipomaliza, rudi. Na ukishasoma barua hii, nenda kwa yule mwalimu uliyesema ni mpole, umwambie yote kama ulivyotuambia sisi.

Kisha alijifunga kitambaa kichwani akaenda nyumba ya nne, kwa Mzee Wafula. Tangu uondoke, mzee amekataa kung'olewa lile jino bovu. Husema litatolewa na mtoto wa landhi au litazikwa naye, na kila Jumapili hutusalimu shavu likiwa limevimba kama andazi. Najua linakusumbua kuliko linavyomsumbua yeye, maana umeliulizia katika kila barua.

Mama alimwambia, "Mzee, jino lako linamlemea mwanangu."

Jana mzee alikwenda hospitali mwenyewe. Alirudi na pamba mdomoni, akanipa kijikaratasi kilichokunjwa.

"Mpelekee daktari wetu. Mwambie halikuuma hata kidogo."

Mkewe anasema kelele zake zilisikika mpaka langoni.

Jino limo ndani ya bahasha hii, Kaka. Lilitoka bila wewe, na mzee anatafuna mahindi ya kuchoma. Hapa hakuna mdomo unaokungoja tena. Tunakungoja sisi.

Ni mimi mdogo wako, niliyemwongopea Mama kwa mapenzi,
Rispa