Kapu la Bi Raya

Jumatatu, baada ya sala ya alasiri. Mvua ya vuli inanyesha tangu asubuhi, na nguo nilizoanika ukumbini bado mbichi.

Naomba radhi. Sijaandika hapa tangu Idi, na wachache mnaousoma ukurasa huu mmeuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa na jambo nisilotaka kuliandika kwa maneno yangu mwenyewe.

Kabla ya kustaafu nilikuwa msimamizi wa masjala, yaani chumba cha majalada, katika ofisi moja ya mjini inayogawa vizimba vya masoko. Kila ombi lilikuwa na jalada lake, na kila jalada lilipita meza tano; kila meza iliandika dokezo na kutia saini. Jalada likikwama, lilikwama kwa wiki nyingi. Hilo silikatai. Yako majalada yaliyoliwa na mchwa yakisubiri saini.

Mwaka huu ofisi imeachana na utaratibu huo. Maombi yanaingia katika mfumo wa kompyuta, nao unayapeleka wenyewe kutoka hatua moja hadi nyingine. Niliitwa nizieleze hatua hizo. Aliyeniuliza ni Zuhura, mtaalamu wa mifumo, binti aliyesomea chuo kikuu huko Tunguu. Huuliza swali moja mara tatu, kwa adabu, mpaka apate jibu. Nilimpenda kwa hilo.

Akauliza: ombi likipungukiwa na waraka, hufanywaje?

Nikamjibu kwamba hurudishwa kwa mwombaji, na asipolitimiza kwa siku kumi na nne, hufungwa. Akauliza tena. Nikajibu vilevile. Mara ya tatu nikamwonyesha kanuni.

Ndivyo kanuni isemavyo. Sivyo tulivyokuwa tukifanya.

Bi Raya, karani wangu wa miaka mingi, alikuwa na kapu la ukili chini ya meza yake. Jalada lililopungukiwa hakulirudisha. Alilitia kapuni, kisha akatuma salamu kwa wifi yake anayeuza dagaa Mkokotoni, au kwa mtu yeyote anayekwenda upande wa mwombaji: mwambieni fulani barua yake ya sheha, mkuu wa mtaa wake, haina muhuri, aje. Na watu walikuja, pengine baada ya mwezi mzima. Kanuni ilikataza jalada kukaa nje ya rafu. Nililijua kapu lile, nikajifanya silioni.

Siku ile Bi Raya alikuwa amekaa kando yangu. Tulipotoka akaniambia, "Maalim, kapu langu hukulitaja."

Nikamwambia kapu si hatua.

"Si hatua," akasema, "lakini kila ukipita ukilipiga teke."

Niliona haya, basi. Sikutaka binti yule aandike kwamba katika masjala yangu mambo yalikwenda kwa salamu za sokoni. Nilitaka ionekane kwamba tulifuata kanuni.

Wiki tatu zilizopita Bi Mize alipanda ngazi hadi kwangu, ghorofa ya nne, hapa Michenzani. Ni mjane wa kisiwani Tumbatu. Huvuka kuja Mkokotoni kuuza pweza mkavu, na kizimba chake ni kilekile tangu mumewe yu hai. Mfumo mpya ulipoanza, wote wenye vizimba walitakiwa kuomba upya. Barua yake ya sheha haikuwa na muhuri. Mfumo ukampelekea ujumbe, lakini nambari aliyoiandika ni ya mkwewe, naye yuko dago, kambi ya wavuvi ambako simu haishiki. Siku ya kumi na tano ombi likafungwa, na kizimba kikaenda kwa aliyefuata katika orodha.

"Zamani mkiniita," aliniambia, bado anatweta kwa ngazi. "Safari hii mbona hamkuniita?"

Alikuja nimwandikie barua ya malalamiko, maana aliambiwa ninaandika vizuri. Nikamwandikia. Ilikuwa barua safi, kila koma mahali pake, na lawama yote niliiweka kwa mfumo.

Yeye sikumwambia habari ya kapu.

Wiki iliyopita nilishindwa kuendelea hivyo. Niliipelekea kamati ya ofisi inayosikiliza malalamiko barua ya pili, nikaeleza kwamba hatua ya kumwita mwombaji ilikuwapo na mimi ndiye niliyeificha. Zuhura alinipigia simu siku hiyohiyo.

"Shikamoo, Maalim. Hiyo hatua naitia leo leo. Kabla ombi halijafungwa, mtu wa ofisi atampigia sheha. Hiyo kazi nyepesi. Kizimba ndicho kizito. Kishapata mwenyewe."

Mwenyewe ni mama mmoja wa hukohuko Mkokotoni, anauza mboga, ana watoto wawili wadogo. Nyaraka zake zilikuwa kamili tangu siku ya kwanza. Hajamdhulumu mtu. Kamati inakaa Alhamisi, na vyovyote itakavyoamua, mwanamke mmoja atafunganya bidhaa zake kwa sababu ya haya zangu.

Kama ningemjibu binti yule kwa ukweli, ingetosha dakika moja.

Leo adhuhuri Bi Mize amepiga simu, kwa simu ya jirani, kunishukuru kwa barua. Nikamwambia yote. Nikasikia kuku wa huko kwake.

"Basi ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Na barua ukaniandikia."

"Naam. Nilikuandikia."

"Haya, Maalim. Wakishaamua, mimi msiniletee ujumbe. Njoo mwenyewe unambie."

Akakata.

Nitavuka. Uamuzi ukitoka, uwe wake au wa yule mama, nitakwenda Tumbatu nimweleze ana kwa ana na kumsikiliza atakalonijibu. Nikirudi nitauandika hapa kama ulivyo. Kabla ya hapo sina neno la kuandika.