Busaa ya Kukhu na Maria wa Peru

Ijumaa, Al-Malqa, mtaa wa Waarabu ninakofanya kazi za ndani. Vumbi limeziba madirisha tangu asubuhi. Hakuna aliyetoka nyumbani, kwa hiyo kazi imezidi, na hasira zangu pia.

Nilikuwa sebuleni nikipiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba. Lina, binti wa madam, alikuwa akitazama kipindi cha nchi ya Peru. Ghafla nikamwona Bikira Maria kwenye runinga, amebebwa mabegani. Padri yuko mbele na chetezo, na mbele ya padri watu waliovaa vinyago vya mashetani wanacheza. Kisha mama mmoja mzee akainamisha kikombe, akamwaga kinywaji chini.

"Pombe ya mahindi," Lina akanisomea maandishi. "Wanampa Ardhi kwanza, halafu Maryam anapita."

Padri hakumkataza. Alipita tu.

Nusura niunguze kanzu.

Kukhu, nyanya yangu aliyenilea Kakamega, alifanya vivyo hivyo. Kila Jumapili alimwaga busaa kidogo, pombe yetu ya mahindi, kwenye kaburi la babu, akafunga kitambaa chake cheupe, akaenda misa kupokea Komunyo. Nikiwa darasa la sita, katekista alituuliza ni nani ambao kwao bado wanaabudu mizimu. Nikanyoosha mkono. Mimi na kiherehere changu! Nilizawadiwa rozari mpya. Kukhu akazuiwa Komunyo. Alikaa benchi la nyuma miaka tisa, akafa bila kupakwa mafuta, na hakuniuliza hata siku moja ni nani aliyesema.

Rozari hiyo ninayo. Nimeishonea ndani ya mto, maana hapa nasali kimyakimya.

Sasa niambieni, busaa ya Peru ina nini ambacho ya kwetu haina? Ni nani aliyewapa ruhusa? Nina uchungu na katekista, nina uchungu na kanisa. Lakini katekista hakujua yaliyofanyika pale kaburini.

Mimi ndiye niliyejua.

Lina akanigeukia. "Rose, na nyinyi Kenya mnafanya hivi?"

Madam alikuwa amekaa hapo hapo, anasikiliza.

"Mafi," nikajibu upesi kwa Kiarabu chao, yaani hakuna. "Kwetu mafi kabisa."

Petro alishtuka akiwa ameshakana mara tatu. Mimi sasa nimemkana Kukhu mara mbili. Siku nikirudi nyumbani, nitaanzia wapi: kanisani, au kaburini na kikombe?