Wasichana Wetu Wamewafikia Wenu

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya Shule ya Msingi,
Jumapili, 21 Januari.

Mpendwa Dada,

Kwanza hali. Mguu wa shemeji unaendeleaje? Uliposema anatembea kama bata nilicheka hadi Mama akaniuliza nimepatwa na nini. Mama hajambo, tangu apasuliwe jicho anaona hata yasiyomhusu. Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kupanga watoto madarasani.

Sasa kaa kitako. Unakumbuka ulivyonisuta kwenye harusi ya kaka, mbele ya mashangazi wote? "Kwetu wasichana tisa katika kila kumi wako shule ya msingi. Ninyi bado mnahangaika na sita!" Nilimeza mate machungu kwa sababu ulisema kweli. Mpaka wa nchi yenu na yetu ni daraja tu, lakini binti aliyezaliwa upande wako alikuwa na bahati kuliko wa kwangu.

Basi Alhamisi redio ilisoma takwimu mpya. Tumefika tisa katika kumi, Dada! Mwalimu wa hesabu, yule asiyecheka hata akitekenywa, alipanda juu ya kiti akapiga vigelegele.

Lakini wacha nikusimulie ya mtaani kwetu. Nilipopewa ualimu mkuu mwaka juzi, wasichana wa darasa la kwanza walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, nimejiandaa kugombana na wazazi wakaidi. Kumbe karibu kila binti niliyemkuta nyumbani alikuwa na mtoto mgongoni.

Hapo sokoni kuna fundi cherehani tunayemwita Mama Sindano. Mjukuu wake, Chiriku, alizoea kusimama nje ya dirisha la darasa, kambeba mdogo wake, akijibu maswali kabla ya walioko ndani. Nilipomwendea bibi yake, hakuinua hata uso.

"Mwalimu, mama yao yuko kiwandani tangu alfajiri. Nikikupa huyu, mdogo wake alelewe na cherehani?"

Mara nikasikia mdomo wangu ukisema, "Basi waje wote wawili."

Tukafagia stoo ya madawati mabovu, seremala akatengeneza sakafu, na kina mama wa sokoni wakapeana zamu za kulea. Chiriku akaingia darasani. Wenzake wakamfuata, kila mmoja na mdogo wake.

Mkaguzi wa elimu alipopata habari alinijia juu. "Shule si mahali pa kulelea watoto. Ifunge stoo hiyo, la sivyo cheo utakiacha!" Sikufichi, Dada, cheo nakipenda. Lakini nilikuwa nimeahidi, sikufunga.

Mwaka uliofuata akarudi na kufuli mkononi. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mama Sindano. Kabla mkaguzi hajafungua kinywa, bibi akamtwika mtoto: "Nishikie huyu, baba, nimbadilishe mwenzake." Mkaguzi akasimama na mtoto kifuani, akilitazama darasa la pili la Chiriku ng'ambo ya uwanja, limejaa wasichana hadi mlangoni. Mtoto akamlowesha shati lote. Nikasema, leo nimekwisha! Kumbe mtu mzima akaangua kicheko. Kufuli akaondoka nalo, na muhula uliofuata shule jirani nazo zikaagizwa kufungua chumba kama chetu.

Najua utasema kuandikishwa si kumaliza, na kwa kumaliza bado mnatushinda. Kweli kabisa. Ila mwaka huu, darasa la kwanza, wasichana wamewapita wavulana na madawati hayatoshi. Sijawahi kufurahia upungufu namna hii!

Redio iliposoma zile habari tena jioni, Mama Sindano alikuwa kwetu, akimpima Mama gauni. Nikawa naruka ukumbini kama mtoto. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na huyo wa kumi yuko wapi?"

Nikapunguza redio. Mama Sindano akatoa pini mdomoni. "Namjua mmoja. Kesho nakupeleka, Mwalimu."

Tulikwenda. Binti amekubali, anaanza kesho Jumatatu.

Msalimie shemeji, na wanangu wote wawili wape busu la mama yao mdogo. Mama na kaka wanakusalimu. Mungu awalinde, na awaongezee wasichana wenu na wetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila mpaka,
Mwalimu Mkuu (ndiyo, bado!)